78% Si Ukuta, Wasee

Ziko klipu za skii mtandaoni: jamaa amesimama juu ya mlima wa theluji, na chini yake imeandikwa "mteremko wa 78%". Kwenye komenti watu wanalia, manze huo ni ukuta! Mimi nasema hivi: hiyo asilimia inatupiga chenga.

Hebu tupige hesabu. Asilimia ya mteremko ni mita unazoshuka kwa kila mita 100 unazosonga mbele kwa usawa. Ukishuka 100 ukisonga 100, hiyo ni 100%. Chora kwenye karatasi uone: ni digrii 45, nusu tu ya ukuta. Sasa ile 78% ya Harakiri, njia maarufu ya Mayrhofen kule Austria, ni kama digrii 38. Ngazi za fleti yako huenda ziko digrii 30 na kitu. Umeona?

Sisemi ni rahisi. Ngazi zina vidato, theluji iliyoganda haina. Ukianguka hapo unateleza tu mpaka chini.

Wastani nao unadanganya. Streif ya Kitzbühel, moja ya mbio zinazoogopwa zaidi duniani, ina wastani wa 27%, yaani digrii 15 hivi. Ukisoma hivyo tu utadhani ni ya watoto. Lakini ndani yake kuna kipande kinaitwa Mausefalle, 85%, karibu digrii 40. Hapo ndipo roho hushuka tumboni.

Na rangi je? Marekani wana kijani, bluu na nyeusi, Ulaya wanaongeza nyekundu. Shida ni kwamba Marekani kila mlima hupanga rangi kwa kulinganisha njia zake wenyewe. Nyeusi ya kilima kidogo inaweza kuwa bluu ya mlima mkubwa.

Mbona tujali na hapa Nairobi hakuna theluji? Kwanza, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyelelewa Austria, alivaa bendera yetu Olimpiki ya PyeongChang 2018. Hii michezo tuko ndani. Pili, una binamu majuu ambaye siku moja ataitwa na mabeshte waende mlimani, nje ya njia rasmi. Maporomoko mengi ya theluji huanza kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Akiambiwa "hapa ni 30 tu", lazima aulize 30 gani. 30% ni digrii 17 hivi. Lakini digrii 30 ni karibu 58%, na hapo theluji yaweza kukatika na kumzika mtu.

Kupima si kazi ngumu. Laza fimbo ya skii kwenye theluji ikielekea chini, weka simu juu yake, fungua kipimo cha pembe. Pima pahali salama, lakini, si katikati ya hatari. Kwa ramani, angalia mistari ya kontua: ikibanana, huko kumesimama.

Kwangu mimi, kila kibao cha njia kingeandikwa digrii za pale pakali zaidi, na urefu wa hicho kipande. Rangi ibaki, sawa, lakini isije peke yake. Na wewe unayepost klipu, weka digrii. Views utapata tu, na hakuna mtu ataumia kwa sababu yako.