Magugu ya Shimanzi Yana Wenyewe

Ukitoka Makande ukashika njia ya Shimanzi, hutazamii kuona vipepeo. Utaona malori yaliyopangana, matangi ya mafuta, kuta za maghala na reli zilizoshika kutu. Lakini pembeni mwa kuta hizo, na kandokando ya reli, kuna vipande vya nyasi na vichaka ambavyo hakuna mtu aliyevipanda. Sisi huviita magugu. Leo, msomaji, nataka kuyatetea magugu hayo, na kabla sijayatetea sina budi kukiri kosa langu.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika ghala moja huko. Miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kuhakikisha kwamba uwanja u safi. Kila masika yalipokwisha nilimwita kijana mwenye fyekeo, nikamwambia, “Fyeka mpaka udongo uonekane.” Kilichobaki tulikitia moto au tukakinyunyizia dawa. Nilijiona mchapa kazi hodari.

Siku moja bawabu wetu, mzee wa Kigiriama, alinizuia. Alikuwa amesimama karibu na mmea ule unaoota hata penye kifusi. Majani yake ni mapana, ya rangi ya kijivujivu. Ukivunja moja hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na tunda lake likikauka hupasuka likatoa nyuzi laini kama pamba.

“Bwana karani,” akaniambia, “huu uwache. Una watoto.”

Nilicheka, nikidhani ni mambo ya mizimu. Akageuza jani, nikaona viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano.

“Mzee, hao ni wadudu tu,” nikasema. “Mwenye mali anakuja kesho.” Kijana akapiga fyekeo, mmea ukaanguka. Mzee hakujibu neno. Alirudi langoni, akaketi kitini pake.

Baadaye sana, nilipostaafu na kupata wasaa wa kusoma, ndipo nilipojua niliwaua akina nani. Walikuwa watoto wa kipepeo yule mwenye rangi ya machungwa, ambaye ncha za mbawa zake ni nyeusi zenye madoa meupe. Mama yake hatagi mayai popote tu. Hutafuta mimea ya jamii ile yenye utomvu mweupe, kwa kuwa watoto wake hawali kitu kingine. Utomvu una sumu. Kiwavi huila, akaihifadhi mwilini, na ndege akimdonoa kipepeo huyo hutapika, asirudie tena. Hata yuko kipepeo mwingine asiye na sumu, ambaye jike lake limevaa rangi zile zile ili ndege wamwogope bure.

Basi, kila kipepeo ana mmea wake. Mwenye mdimu uani katika Mji wa Kale anajua ni viwavi gani huja kula majani yake. Wale wa manjano warukao chini chini juu ya nyasi wana mimea yao ya jamii ya kunde. Wale wa kahawia watokao jioni hulelewa na nyasi zenyewe. Ukiondoa mmea, umemwondoa kipepeo, hata kama hukumgusa.

Najua utaniambia kwamba huyo wa machungwa angali yuko tele. Ni kweli. Lakini tumtazame nduguye wa Marekani, wa ukoo ule ule, ambaye huruka kutoka Kanada mpaka milima ya Meksiko kukimbia baridi. Naye alikuwa tele, na watoto wake hulelewa na mimea ya utomvu vivyo hivyo. Wakulima walipozidisha dawa za kuua magugu katika mashamba ya mahindi na soya, mimea hiyo ikatoweka mashambani. Sababu za kupungua kwake ni zaidi ya moja, lakini hiyo ni kubwa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la IUCN liliwaandika vipepeo hao wahamaji miongoni mwa viumbe walio hatarini. Mwaka 2023 daraja ya hatari ilipunguzwa, lakini orodhani hawakutoka. Leo Wamarekani wanapanda kandokando ya barabara magugu yale yale waliyoyanyunyizia sumu.

Tena, kulinda hakutoshi ikiwa hatujui tunalinda nini. Uingereza walikuwa na kipepeo mkubwa wa buluu aliyeishi katika malisho. Kiwavi wake huanza kwa kula maua ya zaatari ya porini, kisha huanguka chini, na siafu fulani wekundu humchukua kumpeleka chunguni wakidhani ni mtoto wao. Waingereza waliwalaumu wakusanyaji wa vipepeo, wakajenga hata ua kuwazuia. Lakini ua uliwazuia na mifugo pia. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, siafu wale wapendao joto wakahama. Mwaka 1979 kipepeo huyo akatoweka nchini humo. Mtaalamu Jeremy Thomas ndiye aliyefumbua fumbo hilo, na kuanzia mwaka 1983 mbegu yake ililetwa kutoka Uswidi, kwenye malisho yaliyokwisha kurudishiwa mifugo.

Funzo hapa ni kwamba uwanda wa nyasi si ardhi tupu. Tangu mwaka 2022 serikali yetu inahimiza upandaji wa miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni jambo jema, lakini tusione kila penye nyasi tukadhani pangoja mti. Nyasi za Shimba Hills, wanakolisha palahala, zina haki yake kama msitu ulio jirani.

Wala asiseme mtu kwamba kipepeo hana faida. Pale Gede, tangu mwaka 1993, wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi katika mradi uitwao Kipepeo. Wakishajifungia ndani ya magamba yao husafirishwa ng'ambo kwenye maonyesho, na pesa zikarudi kijijini. Wale ni vipepeo wa msituni, lakini mfugaji hawezi kuanza bila kupanda majani yanayoliwa na viwavi.

Simwambii mtu aache nyasi kavu karibu na tangi la mafuta. Huko ni kuitana na moto. Wala sipuuzi nyoka na mbu, ijapokuwa mbu huzaliwa majini, yaani katika matairi na makopo tuliyoyatupa wenyewe. Ninachoomba ni kidogo. Penye pembe isiyo na hatari, tuache ukanda mmoja. Tufyeke nusu leo, na nusu nyingine baada ya miezi michache, ili viwavi wapate pa kuhamia. Moto na dawa tuviweke mbali.

Majuzi nilipita pale tena. Ghala limepakwa rangi mpya, na bawabu ni kijana nisiyemjua. Katika ufa wa ukuta, mmea wa maziwa umechipuka, urefu wake kama wa mtoto wa miaka mitano. Nikaomba ruhusa, nikageuza majani yake moja moja hadi la mwisho. Sikukuta kiwavi hata mmoja.

Yule kijana akaniuliza natafuta nini. Nikamweleza. Akaahidi kwamba siku mwenye fyekeo atakapokuja, atamwambia kwanza ageuze jani.