Mfano Una Mpaka Wake

Kueleza jambo gumu kwa mfano ni desturi njema ya ualimu. Lakini mfano usiotajiwa mpaka wake hupotosha.

Tuchukue molekuli ya amonia: atomu moja ya naitrojeni juu ya atomu tatu za haidrojeni, mithili ya mwamvuli uliofunguliwa. Mwamvuli huu hupinduka na kurudi yapata mara milioni elfu 24 kwa sekunde. Mwaka 1934, Cleeton na Williams wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliona dalili yake: amonia ilifyonza mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita moja na ushei.

Hapo mfano wetu hukoma. Mwamvuli hupinduliwa na upepo wenye nguvu za kutosha. Naitrojeni haina nishati ya kukikwea kizuizi kilicho kati ya pande mbili, lakini huonekana ng'ambo. Haikutoboa tundu. Chembe ndogo zina tabia ya mawimbi, na wimbi halikomi ghafla kizuizini. Hupenya likififia, na sehemu yake hutokea upande wa pili.

Fizikia hii si ya shule ya msingi. Hata hivyo, mtoto aliyefundishwa kwamba umeme ni kama maji bombani, pasipo neno zaidi, atangoja umwagike waya ukikatwa. Kosa hilo si lake, ni letu.

Basi, mwanachuo, uandaapo somo, andika mfano wako. Kisha chini yake andika mahali unapokoma.