Mwalimu wa Zamu Naye ni Hakimu

Wanachuo wengi hudhani kwamba sheria na haki za binadamu ni mambo ya mahakama na bunge, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi yatosha ayafundishe kama sura mojawapo ya kitabu cha uraia. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa kabla hamjaondoka kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kwa mtoto wa miaka minane wa Ipinda au Matema, dola haianzii Dodoma. Huanzia mstarini asubuhi, mbele ya mwalimu wa zamu aliyeshika fimbo. Hapo ndipo mtoto ajifunzapo kama mshtakiwa husikilizwa au hasikilizwi, na kama mwenye nguvu naye ana mipaka. Somo hilo hulikumbuka kuliko mengi tunayoyaandika ubaoni.

Tuanze na sheria yenyewe, maana walimu wengi huitaja bila kuisoma. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 huruhusu viboko kwa makosa makubwa tu. Mwenye mamlaka ya kuadhibu ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa naye idhini ya maandishi. Viboko visizidi 4. Fimbo iwe nyepesi, nayo ipige kiganjani au matakoni juu ya nguo, si penginepo. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Umri na afya ya mtoto vitazamwe. Kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyeadhibu.

Juu ya kanuni hizo iko Katiba ya mwaka 1977. Haki za msingi ziliingizwa humo kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na ibara ya 13 yataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, tena yakataza adhabu za kinyama na za kudhalilisha. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 nayo yakataza kumtesa mtoto, na kumrudi kupita kiasi kinachostahili umri na hali yake.

Sasa mpime mwalimu wa mazoezi anayewapanga watoto 30 waliochelewa na kuwachapa mmoja baada ya mwingine. Kuchelewa si kosa kubwa. Idhini ya maandishi hana. Hakumsikiliza yeyote. Kitabuni hakuandika neno. Kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, naye amekwisha kukiuka mambo manne ambayo mchana atasimama kuyafundisha.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Mbeya, picha za video ziliwaonyesha walimu wa mazoezi wakimpiga kikatili mwanafunzi wa shule ya sekondari. Nchi nzima ilishtuka, polisi wakaingia, na wanachuo hao wakafukuzwa vyuoni. Walikuwa vijana kama ninyi, waliokwenda kujifunza kazi.

Walakini hofu ya kufukuzwa si sababu bora ya kuheshimu sheria. Iko sababu kubwa zaidi, nayo yahusu ualimu wenyewe. Tuwatazame watoto watatu waliochelewa asubuhi moja ya masika hapa Kyela. Wa kwanza hukaa ng'ambo ya mto Mbaka. Mvua imenyesha usiku kucha, mto umefurika, naye amengoja mtu mzima wa kumvusha. Wa pili alipelekwa shambani alfajiri kuamia ndege wasile mpunga. Wa tatu alikuwa akicheza njiani. Mwalimu anayewachapa wote viboko viwili viwili hudhani ametenda kwa usawa. Sivyo. Amewatendea sawasawa watu wenye kesi tatu tofauti, na tangu hapo wale wawili wa kwanza wamejifunza kwamba kusema kweli hakufai kitu.

Tena amepoteza habari muhimu. Kesi ya mtoto wa kwanza ni kesi ya kivuko, nayo yapasa ifike kwa serikali ya kijiji na kwa diwani. Ya wa pili ni ya wazazi na Kamati ya Shule. Ya wa tatu peke yake ndiyo ya mwalimu. Kuuliza kabla ya kuadhibu, basi, ni haki kwa mtoto, na pia ndipo penye chanzo cha sera njema. Serikali haiwezi kujenga daraja kwa ajili ya watoto ambao daftari la shule lasema tu kwamba ni wavivu. Fimbo huficha sababu, swali huifichua.

Wapo watakaojibu kwamba fimbo ni desturi yetu. Ni kweli wazee wetu waliwarudi watoto wao. Lakini kiboko cha kuhesabiwa, chenye idadi yake na kitabu chake, kina historia nyingine. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1896 iliruhusu hadi viboko 25 kwa mara moja, na watu wakaiita adhabu hiyo "hamsa ishirini". Kumbe idadi iliyoandikwa katika sheria haitoshi kuifanya adhabu iwe ya haki. Desturi ya Wanyakyusa ilikuwa na malezi mengine pia. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyoondoka kwa baba zao na kuanzisha kijiji chao, wakajifunza ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa wema na mazungumzo. Hiyo nayo ni desturi, mbona hatuitaji?

Wengine hutukumbusha methali: samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa pwani ya Nyasa twawajua samaki. Methali yasema mkunje, haikusema mponde.

Maoni yangu ni kwamba wakati umefika kanuni za mwaka 2002 zifutwe. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Hata Uingereza, iliyotawala nchi hii na shule zake, ilivipiga marufuku katika shule za serikali kwa sheria ya mwaka 1986. Lakini hadi hapo kanuni zitakapofutwa, mwalimu akumbuke kwamba zinaruhusu tu, haziamuru. Hakuna mahali zinapomlazimisha mtu kushika fimbo.

Badala yake tufanyeje? Kwanza, tungeni kanuni za darasa pamoja na wanafunzi, zisizidi tano, zibandikwe ukutani, na mwalimu naye azifuate; akichelewa, aeleze sababu mbele yao. Pili, kiranja aandike majina ya waliochelewa pamoja na sababu zao, na mwalimu awaite wale tu ambao maelezo yao hayatoshi. Hata darasa la watoto 100 laweza kuendeshwa hivyo. Tatu, adhabu itengeneze kilichoharibika: aliyechafua afagie, asiyefanya zoezi alifanye. Kupalilia shamba la mwalimu si adhabu, ni unyonyaji. Nne, mwisho wa mwezi zisomeni sababu zilizoandikwa, na zile zinazojirudia mzipeleke kwa mwalimu mkuu ili zifike kwenye Kamati ya Shule.

Najua ugumu wenu. Ninyi ni wageni shuleni, na alama zenu zategemea neno la wenyeji. Siku mtakapokabidhiwa fimbo, semeni kwa adabu: "Mwalimu Mkuu, kwa heshima, kanuni zataka niwe na idhini yako ya maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Naomba kwanza niongee na watoto hawa." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima. Huenda yakawaudhi wachache. Lakini watoto waliosimama mstarini watakuwa wameona kwa macho yao kwamba hata mwalimu ana sheria iliyo juu yake, nao hawatahitaji kuambiwa maana ya utawala wa sheria mara ya pili.