Mche Mmoja wa Ngwai kwa Mtungi: Mbona Kenya Inakupa Miaka 20 na Sauzi Wanakuacha?

Kuna jamaa tuliishi naye ploti moja huku Eastlands miaka kadhaa nyuma. Keja yake ilikuwa ya mwisho juu, karibu na ngazi za kupanda kwa paa pale wamama huanika nguo. Huko juu alikuwa na bustani ya mitungi iliyokatwa: sukuma, dania, nyanya mbili tatu, na katikati ya nyanya, mmea mmoja mrefu wenye majani ya vidole. Kila mtu aliujua. Hakuna aliyesema kitu.

Siku msimamizi wa ploti alipanda kuangalia tangi la maji, stori ikaisha. Landilodi alikuja mwenyewe jioni hiyo. Hakuita karao, hakuhubiri. Alimwambia tu, "Kijana, hiyo kitu yako inaweza kunifunga mimi." Masaa mawili baadaye godoro la jamaa lilikuwa kwa mkokoteni.

Sisi tulicheka tukadhani mzee ni muoga tu. Kumbe mzee alikuwa amesoma kuliko sisi.

Cheki hivi. Sheria ya Kenya ya mihadarati ni ya 1994. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana na bangi. Hapo kuna mlango mdogo: ukishawishi korti kwamba hiyo kitu ilikuwa ya matumizi yako mwenyewe, unahukumiwa tofauti na mtu mwingine. Zamani ilikuwa miaka 10 badala ya 20, na mwaka 2022 Bunge lilikilegeza zaidi. Si poa, lakini angalau sheria inakubali kwamba kuna msee wa kuvuta na kuna msee wa kuuza, na hawa si watu wamoja.

Sasa geuza ukurasa uende kifungu cha 6, kile cha kupanda. Huo mlango haupo. Ukipanda bangi, faini ni shilingi 250,000 au mara tatu ya bei ya hiyo mimea sokoni, yoyote iliyo kubwa, au jela hadi miaka 20, au vyote viwili. Hakuna mahali pameandikwa ni mimea mingapi. Ekari moja katikati ya mahindi na mche mmoja kwa mtungi wa lita 20 vinaingia kwa kifungu kimoja. Na hicho kifungu kinamshika pia mwenye shamba au nyumba anayeruhusu mahali pake patumike. Ndio maana landilodi alikuja mbio.

Weka hivyo vifungu viwili kando kwa kando uone maajabu. Msee akinunua stiki mbili kwa pedi wa mtaa, akidakwa anaweza kujitetea kwamba ni zake. Msee huyo huyo akiamua hataki tena kumpa pedi pesa, apande mche wake mmoja, ameingia kwa hatari ya miaka 20. Kwa lugha rahisi, sheria inakuambia: kama ni lazima, nenda kwa pedi.

Na pedi anakuuzia nini? Hapo ndio watu wa bustani hupata nguvu ya kuongea. Ngwai ya mtaani haina lebo. Inaweza kuwa shash ya kutoka Shashamane, Ethiopia, ama ya kuvuka mpaka kutoka Tanzania au Uganda, ama kitu cha huku ndani tu kilichobandikwa jina kubwa. Imekauka wapi, imenyunyiziwa nini, imekaa kwa gunia gani na panya wangapi, hakuna anayejua. Mtu anayepanda yake bila kemikali anajua mbolea ni samadi na maganda ya jikoni. Hiyo haifanyi moshi kuwa dawa. Moshi ni moshi, na kwa kijana ambaye ubongo bado unakua, au familia iliyo na historia ya ugonjwa wa akili, ngwai ya bustani na ngwai ya pedi zote zinaweza kukumaliza. Lakini kati ya kujua na kutojua unachovuta, tofauti ipo.

Sio watu wachache pia. Uchunguzi wa NACADA wa 2022 ulikadiria watu kama 519,000 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi, na kiwango kilikuwa kimekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka mitano. Hao wote wananunua mahali. Jela zetu haziwezi kuwabeba, na karao mwenyewe anajua. Ndio maana kesi nyingi za ngwai huisha kando ya barabara, kwa soo tatu ama thao moja, kulingana na vile umevaa.

Twende Sauzi. Kuna jamaa anaitwa Gareth Prince. Alisomea sheria, ni Rasta, na alikuwa amewahi kuhukumiwa mara mbili kwa kupatikana na bangi. Alipotaka kuwa wakili, chama cha mawakili cha Cape kilimkatalia kwa sababu alisema wazi ataendelea kuvuta, ni dini yake. Akaenda korti hadi Mahakama ya Katiba. Mwaka 2002 akapoteza, majaji 5 kwa 4. Ukipoteza kwa kura moja hivyo, wengi wetu tungerudi nyumbani tulale.

Prince alirudi kortini, na safari hii hoja haikuwa dini. Ilikuwa faragha. Kwamba kile mtu mzima anafanya kwake, bila kuuza, bila kusumbua jirani, serikali haina kazi nacho. Mahakama Kuu ya Western Cape ilikubali 2017, na tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, Raymond Zondo akisoma uamuzi, ikakubali pia. Mtu mzima anaweza kupanda, kumiliki na kutumia bangi mahali pa faragha, kwa matumizi yake. Kuuza na kununua vikabaki haramu. Bunge likapewa miezi 24 kurekebisha sheria. Likachelewa vibaya, na Rais Ramaphosa akaweka saini Mei 2024. Hata hivyo kiasi kamili, yaani mimea mingapi na gramu ngapi, sheria hiyo ilimwachia waziri aandike kwa kanuni.

Angalia basi mantiki ilivyogeuzwa. Kenya imempa mnunuzi nafasi kidogo na kumpiga mpandaji. Sauzi wamempa mpandaji nafasi na kumfungia muuzaji. Wao walijiuliza pesa inaenda wapi. Ukipanda yako, hakuna pesa inaenda kwa pedi. Bustani ndogo ya nyuma ya nyumba ndiyo njia pekee ya mtu kutumia bila kulisha biashara ya magendo.

Wajerumani nao waliingia tarehe 1 Aprili 2024. Mtu mzima anaruhusiwa mimea 3 nyumbani, gramu 25 akitembea na gramu 50 zilizokaushwa akiwa nyumbani. Inaonekana safi kwa karatasi, lakini aliyeandika hizo namba labda hajawahi kupanda hata dania. Mmea wa bangi husoma urefu wa usiku. Kule kaskazini, ukipandwa nje, unakua majira yote ya joto, na siku zikianza kufupika ndio unatoa maua. Maanake unavuna mara moja kwa mwaka, tena kwa mpigo. Mmea mmoja wa nje uliopata jua na mbolea nzuri unaweza kutoa zaidi ya gramu 50 peke yake. Kwa hivyo umepanda mimea 3 halali, umevuna halali, na jioni hiyo hiyo uko na mzigo haramu. Kinachozidi unatakiwa kukiharibu. Uruguay, waliotangulia dunia nzima kuhalalisha mwaka 2013, walifikiria hili mapema: mimea 6 kwa nyumba, na hesabu ya gramu 480 kwa mwaka mzima.

Huku kwetu Ikweta mambo ni tofauti tena. Usiku wetu ni karibu masaa 12 Januari hadi Desemba, kwa hivyo mmea hauna haja ya kungoja majira ya joto yaishe. Mtu anaweza kuwa na mmoja unaokomaa na mwingine mdogo, bila kurundika mavuno ya mwaka mzima kwa debe. Siku Kenya ikikaa chini kuandika sheria ya bustani, kukopi namba za Berlin itakuwa upuzi. Mimi ningehesabu mimea, si gramu. Mmea unaonekana, unahesabika, na karao hawezi kuja na mizani yake ya kichawi.

Lakini kuna kitu kwenye hii hoja ya faragha kinanisumbua, na wale wa kupiga debe la uhalali hawapendi kukigusa. Faragha inahitaji nafasi. Msee wa Karen ana ua, ana ukuta wa futi nane, ana mbwa, ana bawabu. Akipanda mimea minne nyuma ya jikoni, hakuna atakayejua isipokuwa ndege. Msee wa Pipeline anaishi chumba kimoja kwa jengo la orofa nane, dirisha linaangalia dirisha la jirani, na paa ni la kila mtu. Mmea wenyewe hausaidii: unaweza kukupita urefu, na ukianza kutoa maua harufu inapanda ngazi kabla yako. Watoto wa ploti wanacheza hapo hapo. Huwezi kusema hiyo ni faragha, na kusema kweli sitaki mtoto wa jirani achume majani kwa mtungi wangu akidhani ni mboga.

Kule Canada wamelipitia. Sheria ya taifa ya 2018 iliruhusu mimea 4 kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, lakini mkoa wa Quebec ukakataa kabisa watu kupanda nyumbani. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, na 2023 Quebec wakashinda. Malta na Wajerumani walitafuta njia nyingine: vyama. Watu wanajisajili, wanapanda pamoja mahali pamoja palipofungwa, wanagawana bila faida. Kwa Nairobi, ambako chama ndio lugha mama ya kila mtu, hilo lingeeleweka haraka kuliko bustani ya nyuma ya nyumba. Bila hivyo, haki ya kupanda itakuwa haki ya wenye ua.

Wanasiasa wetu nao? Marehemu Ken Okoth, akiwa mbunge wa Kibra, alijaribu mwaka 2018. Alitaka mswada wa kudhibiti bangi, wapandaji wasajiliwe, waliofungwa kwa vitu vidogo wafikiriwe. Aliaga 2019 na kitu kikalala. Halafu 2022 akaja Profesa Wajackoyah na kofia yake. Mtaa ulicheka, ukaimba, ukavaa tisheti, na siku ya kura akapata 61,969, chini ya nusu asilimia. Ila hata yeye bei yake ilikuwa ya kuuza nje, tulipe deni la taifa. Huo ndio mtindo wa bara zima sasa. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Malawi ikafuata 2020, Rwanda mwaka huo huo ikaidhinisha kilimo cha kuuza nje kwa dawa huku raia wake wakivuta bado ni kesi. Leseni ni za makampuni yenye mtaji. Mkulima wa ocha na msee wa mtungi hawako kwa picha. Mmea ni ule ule. Kinachobadilika ni nani ameushika.

Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa anasema "tuhalalishe", muulize swali moja tu: kifungu cha 6 utakifanyia nini? Akianza kukuambia kuhusu dola, umejua.

Kwa sasa mlango uliobaki ni korti. Chama cha Marasta Kenya kilienda Mahakama Kuu mwaka 2021, wakitaka kuruhusiwa kutumia bangi faraghani kwa ibada. Wana kitu cha kusimamia: mwaka 2019 Jaji Chacha Mwita aliamua Urasta ni dini kama nyingine, kwenye kesi ya msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake. Na Katiba yetu, Ibara ya 31, inalinda faragha ya nyumba yako. Lakini kumbuka Prince alipoteza kwa dini na akashinda kwa faragha, na katikati ilipita miaka 16.

Hadi korti au Bunge liseme vingine, hali ni ile ya landilodi wetu. Mche mmoja ni kesi. Kusema "ni ya matumizi yangu" hakukusaidii kwa kifungu cha kupanda, hata kama ni kwa kopo la maua dirishani. Kama umepanga nyumba, unamweka na mwenye nyumba kwa shida. Na kama ni shamba la shosho huko ocha, karao wakija watamuuliza shosho kwanza.

Yule jamaa wa paa nilikutana naye mwaka jana stejini. Bado anavuta, ananunua kwa kijana wa pale kona. Nikamuuliza kuhusu bustani. Akasema siku hizi anapanda dania tu.