Kaptula si tatizo, jasho ndilo tatizo

Hapa Wang'uru mtu akisikia kwamba ninajifunza densi ya nguzo, swali la kwanza huwa ni la nguo. Unavaa nini? Mzee wa nyumba amekubali? Kanisani wanajua? Kufikia leo hakuna aliyeniuliza jambo ambalo hunikosesha usingizi mimi mwenyewe: ukiwa kule juu, kichwa chini miguu juu, halafu kiganja kikalowa jasho, unaangukia nini?

Mimi ni muuza mchele. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Makutano kwenda Embu, na ninachouza ni pishori mtupu, sichanganyi na wa kutoka ng'ambo, hilo liandikwe. Densi hii niliianza Nairobi katika darasa la wanawake peke yao, nikaja kuiendeleza huku nyumbani ndani ya stoo iliyokuwa ya magunia. Stoo ina sakafu ya zege na paa lenye vyuma vya kubeba uzito, kwa hivyo nguzo imefungwa chini na juu. Wenzangu wachache hujiunga nami: mwalimu wa chekechea, msusi, na mama mmoja wa makamo mwenye shamba la mpunga upande wa Tebere. Sote tumeyasikia maneno ya mtaa. Msimamo wangu ni kwamba maneno hayo yamekosa shabaha. Kaptula tunayovaa ndiyo kinga ya kwanza katika mchezo huu. Vinavyofaa kutiliwa shaka ni viganja, chuma na sakafu.

Nguzo ya densi ni chuma kilichong'arishwa. Suruali ikigusana nacho huteleza moja kwa moja hadi chini. Ngozi tupu ndiyo inayoshika. Mchezaji akiachilia mikono yote miwili, kinachomzuia asianguke ni ngozi ya nyuma ya goti, ya paja, ya kwapa, au ya ndani ya kiwiko. Zifunike sehemu hizo kwa sababu ya heshima, na utamwokota sakafuni akiwa na heshima yake na shingo iliyoteguka.

Anayedhani hii ni hila ya kujitetea aangalie kwingine. Katika jimbo la Maharashtra, India, kuna mchezo wa jadi uitwao mallakhamb, ambapo wanaume na wavulana hupanda nguzo ya mbao wakiwa na kinguo cha kiunoni tu. Wanauonyesha mchezo wao mbele ya wazee wao na hakuna anayewaita wahuni. Wachina nao wana nguzo yao ya sarakasi, lakini hiyo hufunikwa mpira. Mpira hung'ang'ania na kuchubua, ndiyo maana wanaoipanda huvaa nguo za kufunika mwili. Wanasarakasi wa Kenya huipanda nguzo hiyo hiyo wakiwa na suruali na mashati, nasi huwapigia makofi. Kule Ngara, ukumbi wa Sarakasi Dome, ambao zamani ulikuwa sinema ya Shan, umelea vijana wengi wa kazi hiyo. Basi tazama: mbao, mpira, chuma, na kila kimoja na vazi lake. Uso wa nguzo ndio unaoamua nguo, wala si tabia ya anayeipanda. Shirikisho la kimataifa la michezo ya nguzo lilipewa hadhi ya mwangalizi na muungano wa mashirikisho ya michezo duniani mwaka 2017, na hata huko kwenye mashindano yenye waamuzi na alama, kaptula ni fupi.

Sasa tuje kwenye jasho, ambalo ndilo adui wa kweli, hasa kwa sisi wa tambarare ya Mwea.

Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na zimesongamana zaidi kwenye viganja na nyayo. Zile za viganjani zina ukorofi wake: haziamshwi sana na joto, huamshwa na hofu. Kwa hivyo mwanafunzi anayeogopa kuteleza hutoa jasho, jasho humtelezesha, na kuteleza humwongezea hofu. Msusi wetu ana mikono ya ajabu, husuka kutwa bila kuchoka, lakini akipanda kimo cha kichwa chake tu viganja hulowa kana kwamba amevitoa kwenye ndoo. Tiba yake haikutoka dukani. Alirudishwa chini, akafanya mambo yale yale huku miguu ikiwa karibu na sakafu, mpaka mwili ukaacha kuona hatari mahali ambapo haipo.

Hata hivyo, ukavu mtupu nao hauna faida. Vibarua wa mashamba ya mpunga wanalijua hili bila kusomea: kabla ya kushika jembe, mtu hutema mate kidogo viganjani na kuvisugua. Unyevu huo mdogo hulainisha ngozi ikakumbatia mpini. Ukizidi, unakuwa utando wa maji kati ya ngozi na mpini, na jembe linaruka. Nguzo ni hivyo hivyo, ila nafasi kati ya unyevu unaofaa na unaoangusha ni nyembamba zaidi.

Ndiyo maana mawaidha ya mtu wa Nyeri hayanifai mimi. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Msimu wa gathano, kati ya Juni na Agosti, chuma huko huwa baridi na ngozi hukauka, hivyo mchezaji analazimika kwanza kuisugua nguzo kwa mikono na mapaja mpaka ipate joto ndipo imshike. Sisi tuko chini, mita 1,100 na kitu, katikati ya mashamba yaliyojaa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Ikifika saa nne asubuhi, chini ya mabati, unatoa jasho kabla hujagusa chuma. Tunafanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kufungua biashara, au jioni jua likishazama.

Jioni ina mbu. Anayeijua Mwea hahitaji maelezo. Umevaa kaptula, mikono wazi, miguu wazi, na nje kuna maji ya mpunga yaliyotulia. Dawa nyingi za mbu za kujipaka zinazouzwa hapa mjini ni za mafuta au losheni, na mguu uliopakwa dawa hiyo haushiki nguzo. Hapo unachagua kati ya kuteleza na malaria. Tulichofanya ni kuziba madirisha ya stoo kwa wavu na kuweka feni kubwa, ambayo inafukuza mbu na kukausha jasho kwa pamoja. Ndiyo pesa bora tuliyowahi kutumia, kuliko hata nguzo yenyewe.

Mafuta ya mwili ni kesi ndefu zaidi, kwa sababu hapo tunapigana na malezi. Huku kwetu mtoto hatoki nyumbani akiwa amepauka. Nyanya zetu walijipaka mafuta ya mbarika, mama zetu wakahamia kwenye mafuta ya kopo, na mpaka leo mtu mwenye miguu iliyopauka huonekana ama mgonjwa ama mwenye shida nyumbani. Mama wa Tebere aliposikia kwamba siku ya mazoezi hatakiwi kujipaka chochote, na usiku wa kuamkia siku hiyo pia, alikataa katakata.

"Nikipita sokoni hivi, watasema mzee hanitunzi," akasema.

"Mama, jifunge leso mpaka ufike," nikamwambia. "Ukitoka hapa jipake mpaka ung'ae."

Anajifunga leso. Ajabu ni kwamba mafuta hayo hayo ya mbarika, Wahindi wa mallakhamb hupaka kwenye nguzo yao kwa makusudi, kwa kuwa mbao humchubua mtu na wao wanataka msuguano upungue. Sisi wa chuma tunalilia huo msuguano. Na mafuta hayaondoki na aliyeyaleta: hubaki kwenye nguzo, yakamsubiri anayefuata. Kwa hivyo kila mtu akishuka, nguzo hufutwa kwa kitambaa safi na spiriti ya duka la dawa. Haifutwi kwa kitambaa ulichojifutia kwapa, tafadhali.

Kuhusu unga wa mikononi, nimeona mengi. Unaofaa ni kabonati ya magnesiamu, ule mweupe wanaotumia wanyanyua vyuma na wanasarakasi wa viwanjani. Upo wa unga na upo wa maji uliochanganywa na alkoholi, ambao hukauka mkononi na hauchafui chumba. Chaki ya kuandikia ubaoni si kitu kile kile, hata mwalimu wetu wa chekechea akiileta bure. Poda ya watoto ni hatari hasa: imetengenezwa ili ngozi iteleze isisuguane, yaani inafanya kinyume cha unachotaka. Kijana mmoja wa kinu cha mchele alitushauri tutumie pumba laini, kwa kuwa zinanyonya maji. Zinanyonya, kweli, lakini pumba za mchele zina mafuta ndani yake, na nchi nyingine huyakamua yakawa ya kupikia. Tulimshukuru tukampa chai. Wale ambao viganja vyao hutiririka tangu utotoni, wakiandika daftari linalowa, waende kwa daktari wa ngozi. Hiyo ni hali inayotibika, wala si woga tu.

Lakini jasho huonewa pia. Mara nyingi kosa ni la chuma. Watu wakiona bei ya nguzo za kuagiza hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea, na sina ubaya naye, ila lazima ujue unachomwagiza. Nguzo za densi huwa na kipenyo cha milimita 45 au 50. Mabomba ya maji huitwa kwa tundu la ndani, kwa hivyo ukiomba bomba la inchi 2 utapewa kitu chenye milimita 60 kwa nje, na vidole vya mwanamke wa kawaida havitakutana na dole gumba. Hapo utateleza hata ukiwa mkavu, kisha utalaumu jasho. Bomba la inchi moja na nusu lina milimita 48 kwa nje, sawa na lile la jukwaa la wajenzi, na mkono unalipokea vizuri. Yale ya kung'aa ya ngazi na roshani hupimwa kwa nje na hupendeza macho, lakini mengi ni membamba. Yalitengenezwa ili mtu ayaegemee, si ayaning'inie akizunguka. Na mshono wa kuchomelea usiachwe sehemu ya kushika. Utakata ngozi, damu nayo huteleza.

Niseme sasa kinachonikera. Nguzo zimeanza kusimikwa kwenye gym za miji yetu, maana picha zake zinavuta wateja. Nimeingia katika gym moja, sitaitaja, nikakuta nguzo inayong'aa, taa za rangi, kioo ukuta mzima, na chini vigae vitupu. Nilipouliza godoro, kijana wa pale alinijibu kwamba wateja huwa hawaanguki. Kila anayepanda huanguka. Anayejua huanguka kutoka kimo kifupi, akiwa na mtu pembeni. Ambaye hajafundishwa hupindua mwili siku ya kwanza kwa sababu ameona video, kisha jasho la nyuma ya goti linamwachia, na kinachotangulia kufika kwenye kigae ni kichwa.

Godoro la kitanda halitoshi. Sponji laini huzama, ukakutana na sakafu vilevile. Linalotakiwa ni gumu kiasi, lenye unene wa sentimita 10 au zaidi, lililokatwa likaizunguka nguzo bila kuacha pengo. Hata hilo si ruhusa ya kupanda ovyo. Mwalimu anayejua kazi hamruhusu mtu kupindua kichwa chini kabla hajaweza kujishikilia wima na kushuka polepole kwa nguvu zake mwenyewe. Wahenga walisema kukwea mchongoma, kushuka ndio ngoma, nami nadhani walikuwa wameona gym hiyo.

Kwa wenye gym, kuanzia Kerugoya na Kutus hadi Embu na Nyeri: mliweza kununua taa, nunueni godoro. Kwa wachungaji: mkitaka kuihubiri densi yetu, karibuni stoo mtuone kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, chai ipo. Na kwa dada yangu unayetaka kujaribu, kabla hujatoa ada omba uonyeshwe vitu vitatu: godoro, kitambaa safi na chupa ya spiriti. Kimoja kikikosekana, rudi nyumbani na pesa zako.