Kazi za Mikono: Mdomo wa Randa Kuukuu

Mwezi huu nina neno juu ya randa, nalo laanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja tumfundishaye useremala alikuwa akipiga randa mbao za mninga za kufanyia mlango. Randa yenyewe ni ya mti, aliyoachiwa na marehemu babu yake, fundi wa siku nyingi. Ubao ukatoka na makovu, nyuzi zimeng'oka kila mahali. Nikamkemea mbele ya wenzake, nikamwita mvivu wa kunoa. Akajibu, "Nisamehe, mwalimu," akaenda kunoa tena. Ubao wa pili ukaharibika vile vile. Ndipo nilipoitwaa ile randa, nikaigeuza tumbo juu, nikaona mdomo wake u wazi hata penseli yaweza kupita.

Sababu ni hii. Tumbo la randa hulika kwa kazi ya miaka, na fundi hulisawazisha mara kwa mara. Tena tundu lipitishalo maranda hupanuka kwenda juu. Basi kila tumbo lipunguzwapo, mdomo huzidi kufunguka. Mdomo ukiwa mwembamba, mti ulio mbele ya kisu huzikandamiza nyuzi za ubao mpaka zikatwe. Ukiwa mpana, nyuzi huinuka na kupasuka kabla kisu hakijazifikia, hata kiwe kikali namna gani.

Tuliitengeneza hivi. Kwanza tulisawazisha tumbo, kabari ikiwa imekazwa na kisu kimerudishwa ndani kidogo. Kisha tukavitoa, tukachimba kwa patasi pengo la mraba mbele ya mdomo, kina chake robo inchi. Tukachonga kiraka cha mti mgumu uliokauka, nyuzi zake zikifuata urefu wa randa, tukakitia gundi na kukibana mpaka kesho yake. Mpingo hatukuutumia, kwa kuwa mafuta yake huikataa gundi. Kiraka tulikiacha kikubwa kidogo hata mdomo ukakaribia kuzibika, kisha tukaupanua kwa tupa polepole, mpaka maranda yakapita bila kukwama. Hapa msifanye haraka: kupunguza ni rahisi, kurudisha hakuna.

Mwisho tukaitazama kabari. Ilikuwa imelika upande mmoja, na maranda yakijipenyeza chini yake. Tukaichonga hata ikakaza sawasawa pande zote mbili.

Mwenye randa ya chuma ya namna ya Stanley hahitaji kiraka. Kitako kibebacho kisu kimefungwa kwa parafujo mbili: zilegeze, ukisogeze mbele kidogo, uzikaze tena.

Mbao zilizobaki alizipiga randa kijana yule yule, zikatoka laini. Nami nikamwomba radhi mbele ya wenzake, maana ndipo nilipomkemea. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiharibu kazi, kabla ya kumhukumu kigeuzeni kwanza chombo chake mkitazame.