Kabla hujasafisha nyota, hesabu kwanza

Mnamkumbuka Pweza Paul? Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilichezwa hapa kwetu, lakini mnyama aliyevuma kuliko wote hakuwa simba wa Kruger. Alikuwa pweza kwenye tangi la maji huko Oberhausen, Ujerumani. Waliweka mbele yake visanduku viwili vya chakula, kila kimoja na bendera yake. Kile alichokifungua, eti ndiyo timu itakayoshinda. Alipatia mechi zote 7 za Ujerumani, halafu akaichagua Uhispania kwa fainali. Tarehe 11 Julai, pale Soccer City, Uhispania ikaifunga Uholanzi 1–0. Nane kwa nane!

Sasa nani anamkumbuka Mani? Huyu alikuwa kasuku wa Singapore. Naye alikuwa anapatia, akawa gumzo, kisha kwenye fainali akaichagua Uholanzi. Habari yake ikaishia hapo. Na Paul mwenyewe, kwenye Euro 2008, alikosa 2 kati ya 6.

Ndiyo maana nasema mnajimu wa TikTok asiulizwe tu, "Alipatia?" Tuulize, "Alisema mangapi, na aliyokosa yako wapi?"

Rusha sarafu mara nane huku ukibashiri. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 256. Ndogo, si ndiyo? Lakini wakirusha watu 256, kwa wastani mmoja wao atapatia zote, bila nyota wala jini. Mtandaoni wanaotabiri ni wengi kuliko hao. Waliokosa hawafiki kwenye simu yako. Anayefika ni yule mmoja, na maandishi mekundu: "NILISEMA!" Tena kuna ujanja rahisi: unarekodi video mbili, moja timu inashinda, nyingine inafungwa, zote unazificha. Mechi ikiisha unaonyesha iliyopatia, unafuta ya pili.

Kuna pia utabiri ambao hauwezi kukosea. Wazazi wetu wanamkumbuka Sheikh Yahya Hussein, mnajimu maarufu kuliko wote Afrika Mashariki, aliyefariki Mei 2011. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Kikwete atakufa ghafla. Mwishowe hakuna aliyeshindana naye ndani ya chama. Je, utabiri ulitimia? Huwezi kujua. Chama hicho kina desturi ya kumwachia rais aliyepo agombee muhula wa pili, kwa hiyo mpinzani hakutarajiwa sana tangu mwanzo. Na kama yupo aliyekuwa anafikiria kujitokeza, nani angependa kuwa mtu wa kwanza kuujaribu utabiri huo? Maneno ya namna hiyo yanaweza kumbadilisha mtu hata kama hayana ukweli ndani yake.

Hapo ndipo napopata wasiwasi. Binamu yangu alikuwa na usaili wa kazi Sandton siku ya Jumanne. Mnajimu mmoja kwenye live akasema watu wa Nge wasianze jambo jipya wiki hiyo. Binamu akaomba tarehe nyingine. Hakupewa, kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Halafu mnajimu yule yule akamwambia nyota yake imefifia, atume randi 800 aisafishiwe. Yaani aliyekufungia mlango ndiye anakuuzia ufunguo.

Sitaki tumcheke. Ukiishi mji huu na karatasi zinazoisha kila mara, kazi ya mkataba, na mtaa ambao siku yoyote unaweza kuambiwa "rudi kwenu", unatamani mtu akuambie kesho ikoje. Wanajimu hawakuileta hofu hiyo. Wameikuta, wakaifanyia biashara.

Najua wengine watasema: unajimu ni utamaduni wetu, hayo mashaka yako ni ya Kizungu. Hapana. Wazee wa pwani walikuwa na falaki, elimu ya nyota. Mabaharia walihesabu siku kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua, ili wajue kaskazi itavuma lini na kusi itaanza lini. Hesabu ikikosea, bahari inakuonyesha, na hakuna wa kumdanganya. Hao walikuwa wanapima walichoambiwa. Kupima ndiyo urithi wetu pia. Na waliosema "mganga hajigangi" hawakuwa Wazungu.

Basi shangazi akituma kwenye grupu la familia kwamba mwezi huu tusisafiri, usimjibu kwa kejeli. Sema, "Shikamoo shangazi. Huyu mtaalamu mwaka jana alitabiri nini? Tunaweza kuangalia pamoja?" Hujamvunjia heshima, na umeuliza swali ambalo mnajimu halipendi.

Na wewe mwenyewe, ukisikia utabiri unaokugusa, uandike kwenye simu: nani kasema, kasema nini hasa, lini kitatokea. Kama hauna tarehe, au unaweza kumfaa mtu yeyote, mfano "kuna mtu wa karibu anakuonea wivu", hauna cha kupima. Uache. Kama una tarehe, subiri ifike, usome tena. Fanya hivyo mara kumi, uandike na zilizokosa. Kisha amua kama mtu huyo anastahili randi zako, au Jumanne yako.